Rangi nyeupe iko wapi?

"Mama, mbona rangi hizi hazina nyeupe?" Kitindamimba wangu amenunuliwa rangi za maji juzi, na leo anataka kuchora kanzu ya babu yake. Nikabaki na kikombe mkononi, mawazo yameshafika Roma.

Ilikuwa Alhamisi, nusu siku yangu ya mapumziko kwa yule Bibi wa mtaa wa Monteverde niliyemfanyia kazi. Mvua ikanikuta mtaa wa Trastevere, nikajibanza mlangoni, kumbe ni mlango wa makumbusho. Niliingia kukausha viatu tu, picha hata sikuzifikiria.

Ndani mlikuwa na kazi za mchoraji Ettore Roesler Franz, aliyezunguka Roma mwishoni mwa karne ya 19 akichora kwa rangi za maji mitaa inayongoja kubomolewa. Picha za mfululizo huo ni 120. Mimi nilinasa kwenye moja: kichochoro cha Ghetto, mtaa waliofungiwa Wayahudi tangu 1555. Kuta rangi ya tangawizi kavu, unyevu unapanda kutoka chini, na juu, dirishani, nguo zimeanikwa. Nyeupe pepe! Mimi mfua mashuka wa kila wiki, nikataka kujua walitumia sabuni gani. Nikasogea, pua nusura iguse kioo.

"Signora!"

Nikajua nafukuzwa. Kumbe yule mama mlinzi alikuja kusimama kando yangu, akanyoosha kidole. "Hapo hakugusa. Ni karatasi."

Nikatazama upya. Kweli. Alipaka ukuta, akapaka kivuli, akapaka kamba, ile nguo akaizunguka. Zaidi ya miaka mia karatasi tupu imening'inia pale, na mimi nilikuwa naionea wivu.

Mvua ilipokatika nikavuka kisiwa cha Tiberina, katikati ya mto Tiber, kuutafuta mtaa wenyewe. Mto ulifurika Desemba 1870; Roma ilipofanywa mji mkuu wa Italia wakajenga kuta kuuzuia, na miaka ya 1880 Ghetto ikabomolewa. Daraja la Fabricio nililopita lipo tangu kabla ya Kristo. Nyumba ndizo hazipo. Nilikuta sinagogi kubwa la 1904 na magari yakipita kando ya mto, nikasimama kama mtu aliyefika msibani matanga yameshavunjwa. Sikujua hata nitazame wapi.

Bibi alinigombeza kwa kuchelewa.

"Nyeupe ni karatasi yenyewe," nimemwambia mwanangu. "Unapaacha tu."

Akanitazama kwa huruma, akaenda bafuni. Amerudi na dawa ya meno.