Sahani ya makande mjini London

Mwaka jana nilikaa London miezi miwili na nusu. Sikwenda kutembea. Mwanangu, yaani mtoto wa dada yangu, alijifungua mtoto wake wa kwanza, na dada yangu alishatangulia mbele za haki. Uzazi wa kwanza mtu haachwi peke yake. Nikampa funguo za mgahawa binti anayenisaidia hapa Tabora, nikamwambia auze chai na chapati tu mpaka nirudi, nikasafiri.

Kichanga kilipotimiza siku arobaini, mwanangu akaniambia, "Mama mdogo, tangu umefika hujatoka jikoni. Leo hushiki mwiko. Tunakwenda kula nje." Mume wake kazini kwao yuko na kijana wa Afrika Kusini, ndiye aliyewaelekeza mgahawa mmoja kule upande wa Wimbledon, ambako watu wa Afrika Kusini wamejaa. Tukamfunga mtoto vizuri, tukapanda basi.

Kilichonipokea mlangoni ni moshi. Moshi wa nyama inayochomwa kwenye moto wenyewe. Wiki zote zile nilikuwa napikia jiko la umeme, halina harufu yoyote, na sikujua nimekosa nini mpaka niliposimama pale mlangoni.

Mwanangu alinisomea orodha ya vyakula, na mimi nikawa namuuliza mhudumu kila kitu. Ni dada wa makamo, Mxhosa wa Eastern Cape, na hakuchoka kunijibu. Pap ni ugali. Amasi ni maziwa mgando. Morogo ni mboga za majani. Boerewors ni soseji ndefu iliyozungushwa kama ngata ya kubebea ndoo, ndani ina mbegu za giligilani zilizokaangwa na kusagwa. Akaniambia kwao sheria inataka soseji ikiitwa jina hilo iwe na nyama asilimia 90 au zaidi. Nilipenda sana kusikia hivyo, maana mimi nauza soseji asubuhi na sijawahi kujua ndani yake mna nini.

Alipoleta maji akasema kwao yanaitwa "amanzi". Nikamwambia sisi Wanyamwezi tunasema "minzi". Akaweka jagi chini akacheka, akaniuliza natoka nchi gani. Niliposema Tanzania, neno la kwanza lililomtoka ni "Morogoro". Mjomba wake alisoma Mazimbu, kwenye shule waliyokuwa nayo ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, mpaka mwaka 1992, pale ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mimi nimepita Morogoro mara nyingi nikienda Dar, na sijawahi kufikiria kwamba kuna familia huko kusini kabisa ambayo jina la mji ule linatajwa nyumbani kwao kama jina la shangazi.

Ndipo akatuambia tusiondoke bila kula umngqusho. Alipolitamka, ulimi wake uligonga juu ya kaakaa kama kizibo kinapong'olewa kwenye chupa. Akasema hicho ndicho chakula cha kwao, na kwamba Mandela, aliyekulia kijijini Qunu, alikipenda mpaka uzeeni. Tukaagiza.

Kikaja. Sahani nyeupe, kitambaa pembeni, kijiko kinang'aa. Na ndani ya sahani, jamani, makande.

Niliyaangalia kwa macho ya mtu wa kazi hiyo. Mahindi yamekobolewa, punje zimevunjwa nusu na robo, nyeupe, hakuna hata ganda moja. Maharage ya madoadoa, yameiva mpaka yamepasuka lakini hayajarojeka. Mchuzi mzito, na uzito wake umetoka kwenye wanga wa mahindi yenyewe. Juu vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, pembeni kipande cha nyama ya muundi wa ng'ombe inayoachia mfupa ukiigusa tu. Bei yake pauni 9, zaidi ya shilingi 30,000 kwa hesabu ya siku ile.

Nikala kijiko cha kwanza nikanyamaza. Mwanangu akaniuliza, "Mama mdogo, vipi, siyo mazuri?"

Nikamwambia haya mahindi mimi na mama yako tumeyatwanga sana. Bibi yenu alikuwa anatupa kinu kimoja na michi miwili, tunatwanga kwa kupokezana, wangu ukishuka wa kwake unapanda. Unanyunyizia maji kidogo ganda lilainike, unatwanga, unapepeta kwenye ungo, unarudia. Dada alikuwa na mkono mzito kuliko wangu, na nikichoka alikuwa hasemi kitu, anaongeza kasi ili bibi asisikie kwamba mchi mmoja umesimama. Mwanangu alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Mama yake alimlea mjini, mahindi yanapelekwa mashineni. Akaacha kula, akawa ananiuliza: mlikuwa na miaka mingapi, kinu kilikuwa cha mti gani, mlikuwa mnaimba? Kinu kilikuwa cha mninga. Na tulikuwa tunaimba, ndiyo.

Baada ya hapo tulikaa muda mrefu. Nikaletewa pia bobotie nionje: nyama ya kusaga yenye viungo vya mchuzi, juu imemwagiwa mayai yaliyopigwa na maziwa, ikaokwa, ikaja na wali wa njano wenye zabibu kavu. Mimi zabibu ndani ya nyama hapana, utamu ule haukunikaa mdomoni. Ila habari yake imenikaa kichwani. Chakula hicho ni cha Waislamu wa Cape Town wanaoitwa Cape Malay, na wengi wa wazee wao walipelekwa pale na Waholanzi kama watumwa kuanzia karne ya 17, kutoka visiwa vya Indonesia na kwingineko. Mtu amechukuliwa kwao hana hata nguo ya kubadili, lakini namna ya kuunga nyama amekwenda nayo. Nilifikiria sisi hapa. Tabora tunapika pilau na biriani kama watu wa pwani kwa sababu mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kila harusi tunakula viungo vilivyokuja kwa njia ileile waliyopitishwa watu wamefungwa minyororo. Hayo sikuwahi kuyawaza nikiwa nakaanga vitunguu vya pilau ya watu mia tatu.

Na ndiyo maana sahani ile ya makande ilinigusa hivyo. Kwa miaka 14 ya mgahawa wangu karibu na stesheni sikuwahi kuyaandika ubaoni. Nilikuwa napika ya kwetu wenyewe, mimi na wasichana, tunakula nyuma jikoni. Mteja akiona makande anauliza, "Leo hamna chakula?" Watu wameyachukia shuleni. Mimi mwenyewe nilisoma bweni, na makande tuliyopewa yalikuwa na ganda linalokwaruza koo na maharage yenye wadudu. Lakini hilo ni kosa la jiko, na tumelibebesha mahindi. Yule dada wa Eastern Cape alikuwa anabeba sahani yake kwa mikono miwili.

Nilimwomba aniulizie jikoni. Mpishi akatoka mwenyewe, mama wa umri wangu, anafuta mikono kwenye aproni. Akaniambia mahindi na maharage vinalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi vinachemshwa pamoja kwa moto mdogo, saa tatu au zaidi, bila chumvi mpaka viive. Nikamuuliza kuhusu magadi. Mwanangu akatafuta neno, mwisho akamwambia "ule unga wa chumvi wa kulainishia maharage". Mama yule akatikisa kichwa, akagusa ulimi wake kwa kidole.

Ana haki. Sisi tunatia magadi kwa sababu mkaa ni ghali na mteja ana haraka, najua, mimi ndiye ninayenunua huo mkaa. Lakini magadi yanakula ladha ya maharage, yanabaki na kaharufu ka sabuni, na ngozi inalegea kabla ya moyo kuiva. Ukilowanisha tangu jioni, mkaa unaookoa unakaribia ule ule uliokuwa unaukwepa kwa magadi. Nimepima mwenyewe nilivyorudi, sufuria mbili siku moja. Iliyolowanishwa ilitangulia kuiva kwa zaidi ya saa nzima.

Kuna kitu kimoja nilimwambia mpishi yule naye akashangaa: sisi makande tunayaunga kwa karanga. Karanga zinakaangwa, zinatwangwa, zinatiwa mwishoni kabisa mchuzi ukiwa mdogo, zinachemka kidogo tu mpaka mafuta yake yaanze kuelea. Siagi yao ni nzuri, sitasema uongo. Ila karanga zetu ni nzuri zaidi.

Nilirudi Tabora mwezi wa kumi na moja. Wiki ya pili nikachukua chaki nikaandika ubaoni MAKANDE YA KARANGA, 2,000. Siku ya kwanza nilipika kilo mbili, nikauza sahani sita, nyingine tukala wenyewe. Nikarudia Jumamosi iliyofuata. Aliyenunua mapema siku hiyo ni mzee mmoja aliyekuwa anasubiri treni ya Kigoma. Alikula taratibu, akamaliza, akaniuliza kama mahindi nimekoboa kwa kinu. Nikamwambia hapana, mashineni, ila nayarudisha kwenye kinu kidogo ili yavunjike. Akasema, "Nimeona." Akaomba sahani nyingine.

Sasa napika kilo sita. Nalowanisha Ijumaa baada ya Isha, nabandika sufuria saa kumi na moja alfajiri. Yanakuwa tayari saa sita mchana, na kwa kawaida saa nane yameisha. Ukitaka ya kubeba njoo na chombo chako.