Nilivyozihifadhi rasimu za manowari zangu, nikiwa Nkuhungu, Dodoma

Ukiuliza namna ya kutunza mchoro wa meli ambao gemu la kompyuta linakataa kuuhifadhi, mtu akakwambia "piga picha ya skrini tu, kaka, inatosha," ujue hajawahi kukesha akiunda manowari. Mimi niliufuata ushauri huo, tena kwa nidhamu.

Gemu lenyewe ni la mikakati ya majini. Unachagua taifa, unaanzia mwaka 1900, unachora meli zako: tani, mwendo, unene wa deraya (ngozi ya chuma ya kukinga makombora), idadi ya mizinga. Kisha unaziunda kwa bajeti isiyotosha hata siku moja. Jamaa hapa mtaani hunicheka: Dodoma hii, maji ya bomba yenyewe ya mgao, wewe unaunda meli? Huwa nawajibu kwamba Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilipita hapa hapa kwenye reli ya kati, enzi za Mjerumani ikiitwa Graf von Götzen, imefungwa vipande vipande ndani ya masanduku kuelekea Kigoma. Hapo hunyamaza kidogo, halafu wanaendelea kucheka.

Basi gemu hili halihifadhi mchoro uliozidi uzito, yaani vitu ulivyoipakia meli vikizidi tani ulizoipangia. Taa inawaka nyekundu, kitufe kinafifia, ukifunga ukurasa kazi yote imekwenda. Na rasimu yoyote yenye maana lazima izidi uzito! Unachora meli mwaka 1904 ukijua kabisa kwamba mitambo myepesi itavumbuliwa miaka michache mbele, unataka mchoro ukusubiri.

Nikapiga picha, kama nilivyoshauriwa. Meli moja ina kurasa kadhaa, kwa hiyo ni picha kadhaa, na kompyuta inazipa majina ya tarakimu tupu. Zikajichanganya na risiti za dukani na mahafali ya mtoto wa dada yangu. Siku ya kuunda, nimekodoa macho kwenye tarakimu ndogo kama chawa, mzinga huu ni wa inchi 11 au 12? Picha ya deraya haisemi ni ya meli gani. Likatoka dude lina mizinga ya meli kubwa na ngozi ya mashua ya doria. Wajapani walilizamisha chai yangu ikiwa bado ya moto.

Mwingine akasema nisevu mchezo wote. Haya, nikiurudia mchezo si narudi na mwaka na vita na deni? Rasimu na mchezo ni vitu viwili.

Dawa niliipata mwenyewe, na naitamba: idanganye tani. Acha deraya, acha mizinga, usiguse hesabu hata moja uliyoitolea jasho. Pandisha tani za meli mpaka taa igeuke kijani, hifadhi, na tani za kweli ziandike kwenye jina: RASIMU 18000 INCHI12x10, yaani tani 18,000 na mizinga kumi ya inchi 12. Ukija kuifungua, unashusha tani peke yake, na kila kitu kiko pale ulipokiacha.

Wakati mwingine tani zinagoma kupanda kwa sababu gati lako la kuundia meli ni dogo. Hapo punguza mwendo. Mwendo ndio mlafi kuliko vyote. Manowari Dreadnought ya Waingereza ya mwaka 1906 ilikuwa na nguvu farasi 23,000 kwa noti 21 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Ndugu zake wa aina ya Invincible walitaka noti 25, ikabidi wapewe 41,000. Noti nne tu, na nguvu ni mitambo, mitambo ni uzito! Kwa hiyo ukivua noti mbili tatu, uzito unaoshuka utaushangaa. Na mwendo wa kweli nao uandike kwenye jina, usijiamini kichwa.

Nakili folda ya michoro kwenye flashi kila ukimaliza. Yangu niliinunua kwa elfu kumi na kitu, zipo za bei chee ila zinakufa. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kubaki ganda tupu. Betri ya laptopu yangu ni pambo tu siku hizi.

Na usifute rasimu kubwa eti kwa sababu mkataba wa kupunguza manowari umekuja. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 uliweka kikomo cha tani 35,000 kwa manowari moja na mizinga ya inchi 16, lakini Waingereza hawakuchoma michoro yao. Waliikatakata, zikatoka manowari Nelson na Rodney, mizinga mikubwa yote tisa ikiwa mbele. Mimi pia ndivyo nilivyopata meli yangu bora: ilikuwa rasimu ya tani 46,000, nikaivua mnara mmoja wa mizinga na noti nne. Nakala yake nzima iko kwenye flashi, inasubiri Mjapani ajitoe kwenye mkataba, na kwa jinsi anavyopanua magati yake, hakawii.