Arobaini ya Baba, Sarnath

Siku ya arobaini ya baba, Tanga walisoma khitma na kupika pilau. Mimi nilikuwa Varanasi, India, mwanafunzi wa mwaka wa pili, sina nauli wala usingizi. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Moshi, alinivuta mkono asubuhi: "Kaka, ukijifungia humu utaumwa. Twende Sarnath tukaone magofu." Ni kilomita kama 10 tu. Tukapanda bajaji.

Ilikuwa Mei, joto limepita nyuzi 40, tena Ijumaa, makumbusho yamefungwa. Wale simba wa mawe waliomo humo, wa nguzo ya Ashoka, mfalme wa kale wa India, tukaishia kuwatazama kwenye sarafu ya rupia.

Tukasogea hadi Dhamek, stupa, yaani mnara mtakatifu wa Kibuddha, la matofali, lenye urefu wa mita 43 hivi, nene kama pipa. Kivulini alikaa mtawa mzee wa Sri Lanka, amejitanda nguo ya rangi ya bizari, akiwasimulia mahujaji wa kwao. Alipotuona akaingia Kiingereza.

Alitueleza kuhusu Siddhartha Gautama, ndiye Buddha, mzaliwa wa Lumbini, Nepal ya leo, aliyeacha nyumba, mke na mtoto akiwa na miaka 29. Kilichonishika ni habari ya wenzake watano. Walifunga naye njaa mpaka mbavu zikahesabika. Siku alipokubali kula, wakamdharau wakaondoka. Baadaye, chini ya mti kule Bodh Gaya, akapata alichokitafuta, akatembea mpaka bustani hii ya wanyama swala kuwafuata. Walimwona kwa mbali wakakubaliana: hakuna kumwinukia. Alipofika, mmoja akampokea bakuli, mwingine akamwandalia pa kukaa, mwingine akaleta maji ya miguu. Nilicheka, mara ya kwanza tangu ile simu ya msiba. Nani hajamnunia mtu, kisha akabisha hodi ukajisikia unasema karibu?

Halafu yakaja mafundisho yenyewe. Maisha yana *dukkha*, alisema. Mimi nikasikia dhiki. Kuzeeka, kuugua, kufa, kutengana na umpendaye. Hapo sikuwa na ubishi. Lakini aliposema chanzo chake ni tamaa, nilipandwa na hasira. Kwetu tamaa ni neno la fisi.

"Bhante," nikamwambia, maana ndivyo wenzake walivyomwita, "kumtaka baba yangu aliyekufa, hiyo nayo ni tamaa?"

Alinitazama, akatazama chupa yangu iliyokauka. "Neno lenyewe ni *tanha*. Maana yake kiu."

Hakuongeza kitu juu ya baba. Akaendelea kwamba kiu hiyo hukoma, na kwamba ipo njia ya kuikomesha, akaihesabu kwa vidole: kuona sawasawa, kunuia, kusema, kutenda, kupata riziki… Nikapotea kabla hajafika cha nane. Kati ya wale watano, alisema, aliyeelewa siku ile ni mmoja tu, Kondanna. Hilo lilinifariji kuliko yote.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Mama akasema watu walikuwa wengi, pilau imekwisha, imebaki sahani moja. Ameifunika kawa, kama alivyokuwa akimfunikia baba akichelewa kazini. Alikwisha kuifunika ndipo akakumbuka.