Saa janja inapokosa mtandao: kwa Watanzania wenzangu tulioko Kampala

Miongoni mwetu Watanzania tunaoishi Kampala, hasa sisi wa Kansanga na Kabalagala ambako wanafunzi na wafanyakazi kutoka nyumbani wamepanga vyumba kwa miaka mingi, saa janja yenye mtandao wake yenyewe imekuwa zawadi ya kawaida. Kaka aliyeko Marekani anamtumia dada yake, mjomba aliyeko Muscat anamletea mpwa wake, na mzazi anayeshinda kazini mjini anamnunulia mtoto saa yenye laini ili ajue kama amefika shuleni salama. Zawadi hupokewa kwa furaha, kisha baada ya siku chache malalamiko huwa yaleyale: saa haishiki mtandao, haipigi simu, au inafanya kazi pale tu simu ikiwa karibu. Ninaandika kwa sababu nimewaona watu wa kwetu, wenye kipato kidogo na majukumu mengi nyumbani, wakiwalipa mafundi wafungue saa zisizo na ubovu wowote. Saa iliyofunguliwa ovyo hupoteza kinga yake dhidi ya maji, na mtandao wenyewe haurudi.

Katika saa nyingi nilizoombwa kuzitazama, tatizo halikuwa ndani ya saa. Saa ya namna hii haijitegemei kama redio. Inategemea maelewano kati ya saa yenyewe, simu iliyooanishwa nayo, namba ya simu na kampuni inayomiliki minara. Pande hizo zisipoelewana, saa itakaa kimya hata kama ni mpya kabisa, na hakuna bisibisi itakayolimaliza jambo hilo. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: maelewano hayo yamekatikia wapi?

Nianze na saa za Apple, kwa kuwa ndizo zinazotumwa zaidi kutoka ng'ambo na ndizo zinazoumiza watu zaidi. Saa zao zenye mtandao zilianza kuuzwa mwaka 2017 kwa toleo la tatu, na hazina tundu la kuingizia laini. Ndani yake mna laini ya kidijitali, ile ambayo hata wahudumu wa hapa huiita eSIM. Watu husikia kwamba kampuni za simu za Uganda zinatoa eSIM, wakahitimisha kwamba saa nayo itaunganishwa mara moja. Ukweli ni kwamba eSIM ya simu ni namba moja ndani ya kifaa kimoja, ilhali saa ya Apple iliyooanishwa na simu yako huazima namba ileile ya simu, ili mtu akikupigia, vifaa vyote viwili viite. Ili hilo liwezekane, kampuni ya simu lazima iwe na mitambo inayotambua vifaa viwili chini ya namba moja na kuiruhusu saa iingie. Kampuni inaweza kuwa na eSIM za simu bila kuwa na huduma hiyo ya saa, na msimbo wa QR uliotolewa kwa ajili ya simu hauwezi kuziba pengo hilo.

Apple huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya nchi na kampuni zinazotoa huduma hiyo. Ninamsihi kila mwenye ndugu ughaibuni aisome orodha hiyo kabla saa haijanunuliwa, wala si baada ya kufika, na atafute nchi anayoishi mvaaji, siyo nchi ya mnunuzi. Ikiwa kampuni yako haimo, mwombe ndugu yako anunue toleo lisilo na mtandao, ambalo ni la bei nafuu zaidi na litakupa mapigo ya moyo, hatua, arifa na simu zako zote kupitia simu iliyo mfukoni. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana tofauti ya bei kati ya matoleo hayo mawili, ikibadilishwa kuwa shilingi za Uganda, ni fedha ambayo familia ingeitumia vizuri.

Wapo wanaopokea saa ambayo tayari ina laini ya Marekani au ya Uingereza, wakitarajia iendelee kufanya kazi hapa. Kwa muda mrefu saa za Apple hazikuweza kabisa kutumia mtandao wa nchi nyingine. Uwezo huo ulikuja mwaka 2022, kwa toleo la tano na yaliyofuata pamoja na ile ya bei nafuu iitwayo SE, na hadi leo unategemea kampuni ya kule iliyoiuza laini iwe imekubaliana na kampuni ya huku. Hata ikikubali, gharama zinamwangukia mwenye akaunti kule ng'ambo, kwa viwango vya msafiri. Zungumzeni kwanza, ili bili isije ikawagombanisha ndugu.

Kuna hatari nyingine hapa ambayo mafundi wengi hawaielezi. Saa ikisumbua, ushauri wa haraka ni kuifuta yote na kuianza upya. Saa ya Apple yenye laini inapofutwa, huuliza kama unataka kubaki na mpango wa mtandao au kuuondoa. Ukiuondoa, utalazimika kuurudisha kupitia kampuni ileile iliyoutoa, na kama kampuni hiyo iko Chicago wewe ukiwa Kansanga, huenda usiupate tena hadi mwenye akaunti ashughulike. Chagua kubaki nao, isipokuwa unamkabidhi mtu mwingine saa hiyo moja kwa moja. Kabla hata ya kufikia kufuta, washa hali ya ndege kwenye saa kisha uizime, zima saa na simu na kuziwasha upya, na uhakikishe programu za vifaa vyote viwili ni za karibuni.

Kwa saa za Samsung za Galaxy zenye mtandao nitasema machache. Zipo zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani zikiwa zimefungwa kwa mtandao wa kampuni hiyo, na hizo haziwezi kupokea mtandao mwingine hadi kampuni iliyoziuza izifungue. Mwambie ndugu yako aombe zifunguliwe yeye akiwa bado kule, maana kampuni hizo humsikiliza mwenye akaunti, si mgeni anayepiga simu kutoka Kampala.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni namna ya kupima. Saa yenye mtandao huupa mnara nafasi ya mwisho: kwanza huitafuta simu yake kwa Bluetooth, ikikosa hutafuta waifai inayoifahamu, na zikikosekana zote mbili ndipo huwasha mtandao wake wa simu, kwa sababu njia hiyo ndiyo inayomaliza betri haraka. Mtu anaweza kuivaa saa mwezi mzima bila kujua kama mtandao wake unafanya kazi, kwa kuwa simu iko mfukoni siku zote. Na mwingine anaweza kudhani mtandao umekufa kumbe saa haijapata sababu ya kuutumia. Katika saa ya Apple, alama ya mtandao ikiwa nyeupe, laini iko hai lakini saa inapitia simu au waifai. Ikiwa ya kijani, imeshika mnara wenyewe. Ili upime kwa haki, zima simu kabisa, zima waifai ya saa, toka nje ya nyumba, subiri dakika chache, kisha piga simu.

Waifai nayo ina mitego yake. Ile ya hoteli au ya chuo inayokutaka ufungue ukurasa na kuandika jina na neno la siri, saa ya Apple haiwezi kuipita. Na usiupime mtandao kwa kungoja arifa za Facebook, kwa kuwa Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021 na watu wamezoea kuiingia kwa VPN, yaani programu ya kupita kizuizi cha mtandao, iliyo kwenye simu. Ukiiacha simu nyumbani, umeiacha na VPN yake. Pima kwa simu ya kawaida, kisha kwa hali ya hewa.

Sasa nije kwenye saa za watoto, zile zenye tundu la laini ndogo zinazouzwa katika majengo ya maduka ya katikati ya jiji. Hizi zinanigusa zaidi, kwa sababu mzazi anayezinunua hafuati fahari, anatafuta utulivu wa moyo. Habari njema ni kwamba hazihitaji makubaliano yoyote maalumu: laini yoyote iliyosajiliwa inaweza kufaa, saa ina namba yake, na ubovu mwingi unaweza kuondolewa mezani nyumbani.

Jirani yangu, mama mmoja kutoka Bukavu anayeuza vitenge, aliniletea saa ya binti yake ikiwa imeganda kwenye tarehe isiyo ya kweli. Tarehe ile ilikuwa dalili tosha, kwa kuwa saa nyingi za aina hii hupata wakati kutoka mtandaoni. Zikionyesha muda wa ajabu, hazijaifikia seva yao, yaani kompyuta ya mbali inayoziendesha kupitia intaneti. Niliizima saa, nikafungua kifuniko cha mpira, nikaitoa laini na kuiweka kwenye simu ya zamani. Simu ikadai namba ya siri ya laini. Saa haina pa kuandikia namba hiyo, kwa hiyo ilikuwa ikisubiri bila kusema lolote. Tuliiondoa namba ya siri tukiwa kwenye simu ileile, kisha nikamuuliza, "Mama, humu umeweka bando gani?"

"La WhatsApp, kaka. Ndilo la bei nzuri."

Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi cha pili. Bando linalofungua WhatsApp peke yake haliifikishi saa kwenye seva yake. Saa inahitaji bando la intaneti ya kawaida, na la kiasi kidogo tu, kwa kuwa kutuma mahali ilipo hutumia data kidogo sana. Tuliponunua hilo na kuirudisha laini saa ikiwa imezimwa, kisha kuiwasha, tarehe ilijirekebisha yenyewe tukiitazama, na mama akampigia binti yake aliyekuwa chumba cha pili ili tu aisikie ikiita.

Ikiwa hayo yote ni sawa na bado saa haionekani kwenye programu ya mzazi, mara nyingi kilichobaki ni APN, yaani jina la lango ambalo kampuni ya simu hutumia kuingiza vifaa kwenye intaneti. Simu kubwa hujipatia jina hilo yenyewe, lakini saa ndogo mara nyingi hushindwa. Liombe kutoka huduma kwa wateja wa kampuni yako, kisha ulitume kwenye namba ya saa kwa ujumbe, kwa mfumo ulioandikwa katika karatasi iliyokuja nayo. Baadhi ya saa hudai pia namba ya utambulisho wa mtandao. Kwa Uganda huanza na 641, ilhali ya kwetu Tanzania huanza na 640, na saa iliyowahi kutumika Bukoba inaweza kuwa bado imeshikilia ya zamani. Katika saa nyingi za aina hii, ujumbe wa maneno pw,123456,ts# hurudisha taarifa fupi yenye seva inayotumika, kiasi cha betri na hali ya mtandao. Angalia pia eneo ulilochagua ulipojiandikisha kwenye programu: ukichagua bara lisilo lako, saa itazungumza na seva moja wakati simu yako inazungumza na nyingine.

Laini yenyewe isajiliwe kihalali kwa jina la mzazi. Waganda husajili kwa kitambulisho cha taifa, ambacho wao hukiita Ndaga Muntu. Sisi wageni kwa pasipoti. Na ndugu zetu wakimbizi kwa kitambulisho chao cha ukimbizi. Usikubali laini iliyosajiliwa tayari kwa jina la mtu usiyemjua, hata ikiwa ya bei rahisi, kwa sababu laini za namna hiyo hukatwa wakati wa uhakiki, na siku ikikatwa mtoto anaweza kuwa njiani.

Kampala nayo ni jiji la vilima, na antena ya saa ni ndogo mno, imebanwa kwenye mkono wenye nyama na maji ambavyo hunywa mawimbi. Saa inayoshika vizuri Muyenga kileleni inaweza kulegea bondeni Bwaise, hata simu iliyo kando yake ikiwa na mtandao wa kutosha. Ukisafiri kwa basi kwenda nyumbani, kumbuka pia Mutukula: maeneo ya mpakani saa hurukia minara ya Tanzania na kurudi, betri ikimalizika haraka kuliko kawaida. Afadhali uiweke katika hali ya ndege kabla ya mpaka na kuitoa ukiwa umeshavuka.

Ukilazimika kwenda kwenye kituo cha huduma, beba saa ikiwa na chaji, simu iliyooanishwa nayo, pasipoti uliyosajilia laini, na IMEI ya saa, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, iliyoandikwa pembeni. Usiseme tu kwamba saa haina mtandao, kwa sababu utaambiwa uizime na kuiwasha. Uliza waziwazi: "Je, kampuni yenu ina huduma ya saa na simu kutumia namba moja, na je, aina hii ya saa imo?" Kwa saa ya mtoto, uliza kama laini imeruhusiwa intaneti, jina la APN ni lipi, na kama 2G na 4G zote zinapatikana mahali mtoto anaposoma, kwa kuwa saa nyingine hushika 4G kwa intaneti lakini hushuka 2G inapopiga simu. Majibu hayo yaandike palepale kaunta.