Bunduki, Mwenye Duka na Daftari Lake

Risasi ikilia Moshi au Arusha, iwe mlangoni pa benki au kwenye geti la mfanyabiashara wa madini, kijiweni huulizwa: bunduki ile imetoka wapi? Kwa mwathirika, swali hilo lina pesa ndani yake. Aliyefyatua mara nyingi hana kitu, au yuko gerezani, au kafa. Je, aliyeiuza au aliyeitengeneza anaweza kubanwa alipe fidia?

Msimamo wangu: muuzaji alipe ikiwa aliona dalili akafumba macho. Mtengenezaji alipe ikiwa bunduki yenyewe ni mbovu, au ikiwa alishiriki kwa kujua. Zaidi ya hapo ni hasira tu, na hasira haishindi kesi.

Marekani wamelipigania jambo hili kuliko mtu yeyote. Tangu Oktoba 2005 wana sheria iitwayo PLCAA, inayowakinga watengenezaji na wauzaji dhidi ya madai ya uhalifu uliotendwa na mtu mwingine. Kinga hiyo ina matundu: silaha yenye kasoro, kumkabidhi silaha mtu ambaye dalili zinaonyesha ataitumia vibaya, na kuvunja kwa makusudi sheria ya uuzaji au ya matangazo. Familia za Sandy Hook, shule iliyovamiwa Desemba 2012, zilipita kwenye tundu la matangazo. Februari 2022 kampuni za bima za Remington, mtengenezaji wa bunduki iliyotumika, zikakubali kulipa dola milioni 73. Yalikuwa makubaliano, si hukumu, jambo ambalo wengi husahau.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa duka la Badger Guns, Milwaukee, huko huko Marekani. Mwaka 2009 kijana wa miaka 18, asiyeruhusiwa kununua bastola dukani, alimlipa mtu mwingine amnunulie. Bastola hiyo iliwajeruhi polisi wawili. Mwaka 2015 wazee wa baraza (jury) waliona duka lilikuwa na kila sababu ya kushtuka, wakaamua liwalipe polisi hao karibu dola milioni 6. Mexico nayo iliwashtaki watengenezaji wakubwa mwaka 2021, ikashindwa Juni 2025 mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja. Hati ya madai ya Mexico ilisema kampuni zinajua silaha zinavuka mpaka, lakini haikuonyesha mauzo haya, ya tarehe hii, kwa mtu huyu. Milwaukee walikuwa na karatasi za muamala mmoja. Mexico ilikuwa na picha ya jumla.

Kwetu Tanzania hakuna ukuta kama PLCAA. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ambayo ni ya leseni na makosa ya jinai. Fidia inadaiwa kwa njia ya kawaida ya uzembe, tuliyoirithi kutoka Uingereza. Kuna kesi ya huko ya 1939, Burfitt dhidi ya Kille: mwenye duka alimuuzia mtoto wa miaka 12 bastola ya kupigia baruti tupu, kipande cha chuma kikamwingia mtoto mwingine jichoni, na mwenye duka akalipa. Haiifungi Mahakama Kuu ya Moshi wala ya Arusha, ila inashawishi. Wakili wa utetezi atasema mnyororo ulikatika pale mtu mzima alipoamua mwenyewe kufyatua. Jibu ni kuonyesha kwamba kilichotokea ndicho hasa muuzaji alichopaswa kukiona kinakuja.

Hapo ndipo daftari la mauzo la mwenye duka linapoingia. Linganisha namba iliyochongwa kwenye silaha na ile ya kwenye leseni. Angalia tarehe: silaha imetoka kabla leseni haijatoka? Nani alilipa? Muamala wa simu ukiwa na jina la mtu wa tatu, umepata uzi wa kuvuta. Tazama pia idadi ya risasi alizochukua, na aina yake kama inalingana na silaha aliyoandikishiwa.

Kesi nyingi hufia siku ya kwanza. Chukua namba ya RB (ya taarifa uliyotoa polisi) na PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), lakini pia hakikisha namba ya silaha imeandikwa kwenye hati ya ukamataji, na maganda yamefungwa kwenye bahasha yenye saini. Kielelezo kikipita mikono mitano bila maandishi, utetezi watakula hapo hapo. Na bunduki inayodaiwa kujifyatua yenyewe isifunguliwe, isipakwe mafuta, isijaribiwe. Remington 700, inayojulikana sana kwa wawindaji, ililalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma kilichokaa mbele ya kifyatulio bila kufungwa nacho. Uchafu ukiingia katikati, kipande hakirudi mahali pake, na bunduki inaweza kulipuka mtu anapoondoa tu kizuizi cha usalama. Kampuni ilikana kasoro, ila ikakubali kubadilisha vifyatulio. Fundi akiisafisha kwa nia njema, ushahidi umekwenda na kitambaa.

Muda wa kudai uzembe ni miaka 3. Watu husubiri kesi ya jinai iishe kwanza. Saa ya madai haisubiri. Na ikiwa unayemdai ni mtengenezaji wa Serikali, mathalani risasi mbovu kutoka Shirika la Mzinga, Morogoro, unahitaji kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Notisi ikisahaulika, shauri linatupwa kabla halijasikilizwa.

Kabla ya kumfikiria mtengenezaji wa ng'ambo, mtazame mwajiri. Mlinzi akipiga risasi kizembe akiwa kazini, kampuni ya ulinzi hujibu kwa kosa lake, na kampuni ina ofisi, magari na pengine bima.

Gobole ni habari nyingine. Mhunzi hachongi namba wala haandiki daftari. Unabaki na aliyelishika, na mali yake pengine ni mbuzi wawili.