Kumlea ndovu yatima ukiwa ughaibuni: unachopata na namna ya kulipa

Mpango wa Sheldrick Wildlife Trust, shirika la kuhifadhi wanyamapori, wa kulea ndovu yatima wa Kenya unaanzia dola 50 kwa mwaka kwa kila ndovu. Unamchagua mwenyewe baada ya kusoma habari zake: aliokolewa wapi, akiwa na umri gani, alitumbukia kisimani au mama yake aliuawa. Ukishalipa unapata cheti, na kila mwezi barua pepe yenye habari za watunzaji na picha ya rangi za maji. Ni zawadi nyepesi, na ni sawa ziwe hivyo. Kila kitu kinachofungashwa na kutumwa kwa posta kinakula pesa ya maziwa.

Na maziwa ndiyo kazi yenyewe. Ndama wa ndovu hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Anaharisha hadi anaishiwa maji mwilini. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika hilo, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata maziwa ya unga ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi, yanayokaa tumboni. Wadogo hunyonyeshwa kwa chupa kila baada ya saa 3, usiku na mchana, na mtunzaji hulala nao bandani. Watunzaji hupokezana kwa makusudi. Aisha, ndama aliyemzoea Daphne peke yake, aligoma kula alipoachwa siku chache tu, akafa.

Ndovu mmoja ana walezi wengi duniani, kwa hiyo usitarajie awe wako peke yako. Akikua huhamishwa kutoka kituo cha Nairobi hadi vituo vya Voi, Ithumba au Umani, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea: wanafika Nairobi kumwona ndovu ambaye tayari yuko Tsavo. Hakikisha alipo kabla ya kukata tiketi ya ndege, kisha uweke nafasi mapema. Saa ya wageni ni saa 5 asubuhi, na nafasi hujaa.

Sasa malipo. Ukiwa Marekani, lipa kupitia tawi lao lililosajiliwa huko. Pesa uliyotuma moja kwa moja Kenya kwa kawaida haikupunguzii kodi, hata kama kazi ni ileile. Cheti na habari za kila mwezi havihesabiwi kuwa kitu ulichonunua, ila chakula cha jioni cha kuchangisha pesa kinahesabiwa: thamani yake hutolewa kwenye kiasi unachoombea punguzo la kodi. Ukichanga dola 250 au zaidi kwa mkupuo, omba barua ya uthibitisho kabla ya kuwasilisha hesabu zako za kodi.

Uingereza kuna Gift Aid, mpango wa serikali unaoliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni bila wewe kutoa zaidi. Sharti ni uwe umelipa kodi ya kutosha mwaka huo. Usipofanya hivyo, utadaiwa wewe tofauti hiyo. Familia zinazochanga kwenye kundi la WhatsApp ndizo zinazoteleza hapa. Aliyekusanya hana ruhusa ya kujaza fomu moja ya tamko la Gift Aid kwa pesa ya wote, kwa sababu tamko ni la mtu na pesa yake mwenyewe. Kila mmoja ajaze lake, kwa jina kamili na anwani ya nyumbani. Mkimlea ndovu kwa jina la mtoto, jina la mtoto liende kwenye cheti, na la aliyelipa kwenye tamko.