Bikari ya mdogo wangu na shairi la John Donne

Kidato cha tano nilichukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikijua Kiswahili kitanibeba na Kiingereza kitanivuta chini. Mashairi ndiyo yaliyonitisha zaidi. Riwaya utaisoma mara tatu ushike kisa. Shairi la miaka 400 iliyopita unalisoma mara tatu na bado unatoka mikono mitupu. Kwa hiyo nilikuwa nakariri: shairi fulani, dhamira mapenzi, mbinu tashbiha, basi. Jaribio la kwanza nikapata 4 kati ya 20, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Umesema ni tashbiha. Inafanya kazi gani?"

Swali lile lilinikaa. Shairi lenyewe lilikuwa "A Valediction: Forbidding Mourning" la John Donne, maneno ya mtu anayesafiri akimwomba mpenzi wake asimlilie. Lina beti 9, kila ubeti mishororo minne. Nikajiambia, mimi nimekua nikihesabu mizani, yaani silabi za mshororo, huyu naye kwa nini nisimhesabu?

Nikaanza na mshororo huu: As stiff twin compasses are two. Nikausoma kwa sauti huku nakunja vidole, nikapata mizani 12. Nikarudia, zile zile. Kosa lilikuwa kinywani mwangu. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na mimi nilikuwa natamka "stifu" na "twini", namwongezea Donne irabu ambazo hakuziandika. Nilipoziondoa zikabaki mizani 8. Mshororo uliotangulia, 8. Uliofuata, 8. Wa nne nao, baada ya kuhangaika, 8. Mishororo minne ya mizani nane nane! Nilisisimka pale kitandani bwenini, maana hicho ndicho kipimo cha utenzi. Vina tu ndivyo vilivyopangwa vingine: utenzi hufunga mishororo mitatu kwa kina kimoja, wa nne ukabeba kina kinachopita shairi zima, ilhali Donne anapishanisha, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Na hapo inabidi uliamini sikio kuliko jicho, kwa sababu two na do hazifanani kwa herufi lakini kina chao ni kimoja.

Huo wa nne ndio ulionigomea mwanzoni: To move, but doth, if th' other do. Kila nikihesabu napata 9, mpaka nikaitazama vizuri ile alama iliyoning'inia baada ya th. Inkisari! Mshairi amelikata neno the ili mizani itoshe, kama wetu wanavyosema "mewasili" badala ya "nimewasili". Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba Mwingereza naye anabanwa na mizani.

Lakini mizani peke yake haikunifikisha. Kwetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mshairi hahangaiki nao. Kwao mkazo unahamahama kutoka neno hadi neno, na mshairi ndiye anayeupanga: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito. Huu niliujifunza kwa kugonga meza. Katika mshororo ule ule unagonga kwenye move, doth, other, do, mara nne, na unachosikia ni hatua za mtu asiye na haraka. Utulivu huo ndio anaouomba: tuagane bila kelele, machozi yasiwe mafuriko, pumzi zisiwe tufani. Kumbe kipimo nacho kilikuwa kinafanya kazi. Swali la mwalimu likaanza kupata jibu.

Ikabaki hiyo compasses. Kamusi yangu ndogo ilisema dira, na kwa wiki nzima nikawa natafuta mabaharia ndani ya shairi. Likizo ilipofika, mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa sebuleni anafanya hesabu, mkebe uko wazi, bikari imelala juu ya daftari. Nikaiona, nikasimama: kumbe kwa Kiingereza hii nayo ni compasses.

"Hebu niazime hiyo."

"Dada, usinivunjie."

Nikachomeka sindano kwenye karatasi, nikauvuta mguu wa penseli polepole. Mguu wa sindano hauondoki, ila haukai vile vile: wa penseli ukienda mbali, wa katikati unainama kuufuata, ukirudi karibu, unasimama wima. Na duara likichorwa, sindano nayo inajizungusha pale pale ilipo. Yote hayo Donne ameyasema, moja baada ya jingine, katika beti tatu za mwisho. Mpenzi anayebaki ni mguu wa sindano. Haonekani kusogea, lakini safari yote anaifuata kwa kuinama, na uthabiti wake ndio unaomrudisha msafiri pale alipoanzia.

Baba yangu aliendesha lori, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Mama hakumlilia hata safari moja. Ila usiku, lori likipunguza mwendo barabarani, aliacha alichoshika na kuelekeza sikio dirishani, kisha akaendelea. Nilikuwa nimeuona mguu ule ukiinama tangu utotoni.

Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Donne, anasema shairi hili Donne alimwachia mkewe Anne mwaka 1611 alipokuwa anakwenda Ufaransa. Ni wawili hao hao waliooana kwa siri mwaka 1601, ndoa iliyompeleka Donne gerezani na kumnyima kazi. Samuel Johnson, mhakiki Mwingereza wa karne ya 18, aliitaja bikari hii akisita kama ni upuuzi zaidi au werevu zaidi. Namheshimu Johnson, lakini hapa naona alikosea. Kitu cha mezani, chuma kitupu, kimebeba kuagana kwa watu wawili bila kudondosha chochote, na hilo waridi na mwezi visingeliweza.

Jaribio lililofuata nilijaza kurasa mbili juu ya mguu unaoinama, nikieleza kila mjongeo na kazi yake, na hatua zile nne za mkazo chini yake. Nilipata 15. Mwalimu akaniita mbele: "Njoo, mwanangu, waonyeshe wenzako." Nikaenda na bikari mkononi.